Mnara wa Kukunja

Muuzaji alimpa Shemeji kiti, akampa Fundi kiti, kisha akampa Mama Usukani kitabu cha rangi za viti.

"Mama utatuchagulia rangi," alisema kwa tabasamu lililozoea kazi. "Kina mama mna jicho la rangi."

Mama Usukani alikipokea kile kitabu kwa mikono miwili, kwa adabu, akabaki amesimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, uso wake umeungua kwa jua la majini, ambalo humpiga mtu kutoka juu na likarudi kumpiga kutoka chini. Jina lile alipewa na wateja. Kwa misimu kumi na miwili yeye ndiye aliyeshika usukani wa boti ya familia, akiwavuta watu kwa kamba, wao wakisimama juu ya ubao na kucheza ndani ya wimbi lililoachwa na boti. Mumewe, Fundi, alitengeneza injini. Shemeji, kaka mkubwa wa Fundi, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na ziwani hakuingia hata kwa kunawa miguu.

Injini ya boti ya zamani ilikuwa imepasuka, na wote watatu walikuwa wamekuja kuagiza boti mpya. Nusu ya fedha ilikuwa ya Shemeji, nusu yao. Siku ilikuwa Jumatano, na kiwanda kilipokea maagizo mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Atakayechelewa angesubiri msimu wote upite, na mteja akishakwenda kuteleza kwa mwenzako msimu mzima, kumrudisha ni kazi ya kutambaa kwa magoti.

"Boti nyingine zinakimbia wimbi," muuzaji alianza, akiwa amewageukia wanaume. "Hii inalitengeneza. Ina matangi tumboni. Unavuta maji ya ziwa humo, boti inakuwa nzito, inakaa chini, na nyuma yake linanyanyuka wimbi la kufika hapa." Alionyesha kifua cha Shemeji bila kukigusa. "Tuna tatu: Kubwa, ya Kati na Ndogo. Lakini kwa mzee kama wewe, Ndogo sina hata haja ya kuitaja."

Shemeji alijinyoosha kitini. "Mimi vitu vidogo vinanipa kizunguzungu, kijana. Tuonyeshe Kubwa."

Kubwa ilikuwa katikati ya ukumbi, imeinuliwa juu ya trela, inang'aa kama sahani ya wageni. Wanaume walipanda ngazi kwanza. Mama Usukani alipoweka mguu kwenye kidato cha kwanza, muuzaji alinyoosha kiganja.

"Samahani mama, viatu. Zulia la ndani ni jeupe."

Mama Usukani alitazama miguu ya wale wawili huko juu. Walikuwa na viatu vyao, na kiatu cha Shemeji kilikuwa na vumbi la saruji. Alivua makubadhi yake ya plastiki, akayashika mkononi, akapanda na visigino vyake vilivyopasuka. Kisha, kama mtu anayeingia jikoni kwake bila kufikiri, alikwenda moja kwa moja kwenye usukani na kuweka mkono juu yake.

"Mama, tafadhali," alisema muuzaji. "Hapo ni kwa dereva."

Shemeji alicheka. Mama Usukani alimtazama mumewe. Fundi alikuwa ameinua kichwa, anachunguza taa za dari kwa makini sana, kama aliyeitwa kuja kuzitengeneza. Basi mkewe akauondoa mkono wake, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Waliporudi mezani, muuzaji alitoa fomu yenye visanduku vingi na Shemeji akaanza kuvitia alama kwa furaha ya mtu anayechagua vyombo vya harusi. Spika sita juu ya mnara. Taa za chini ya maji. Friji. Viti vya kupasha joto.

"Viti vya kupasha joto?" Mama Usukani aliuliza. "Shemeji, watu wetu wanakaa juu ya taulo mbichi ili wasiungue makalio."

"Ndiyo hadhi hiyo, shemeji yangu. Mtu anakaa, anasikia amekaa mahali."

"Bei ya hizo spika tu ni mafuta ya msimu mzima."

"Muziki unavuta watu."

"Kamba ndiyo inavuta watu," alisema, na muuzaji nusura acheke, akajikohoza.

Mama Usukani alisogea karibu na fomu. Jambo moja lilikuwa linamkereketa tangu walipokuwa kule juu. Boti yao ya zamani ilikuwa na mti mfupi tu wa kufungia kamba. Hizi mpya zilikuwa na mnara wa chuma uliopita juu ya vichwa vya watu kama mlango usio na nyumba.

"Huu mnara," alisema, "unakunjika?"

"Huu wa kawaida umesimama hivyo hivyo. Wa kukunja upo, ila unalipiwa zaidi."

"Ukunjwe ili iweje?" Shemeji alidakia. "Ni mwavuli? Mdogo wangu amekwisha kupima banda la boti. Mwambie."

Fundi alitanua kifua. Lilikuwa jambo la kwanza aliloulizwa siku ile. "Nimepima mwenyewe juzi. Kutoka majini mpaka kwenye boriti ni mita tatu na robo. Mnara wake ni mita mbili na nusu. Unaingia na kofia kichwani."

Juzi. Mama Usukani alilirudia neno hilo kichwani. Juzi ziwa lilikuwa limekauka mpaka mawe ya chini yanaonekana, kama linavyokuwa kila mwaka kabla ya mvua. Banda lao lilijengwa juu ya nguzo, boti ilielea ndani yake kama ng'ombe zizini, na mvua zikija maji yalipanda kwa zaidi ya mita moja, wakati mwingine kwa siku mbili tu. Fundi alilijua hilo kama anavyoijua sauti ya mamaye. Lakini miaka yote macho yake yalikuwa ndani ya injini, na boti yenye mti mfupi haikuwahi kumpa sababu ya kuitazama boriti. Alikuwa amepima banda la kiangazi.

Mama Usukani aliyaona yote kwa mara moja: maji yanapanda, mnara unagota kwenye boriti, boti inasukumwa chini, maji yanaingia kwa pembeni, na asubuhi boti ya bei ile imezama ikiwa imefungwa kamba ndani ya nyumba yake.

Angeweza kusema palepale. Aliufungua mdomo. Akaona jinsi mumewe alivyokuwa amekaa, mabega yameinuka, akisubiri kaka yake atikise kichwa kwa kuridhika, naye akatikisa kweli. Mama Usukani aliufunga mdomo.

"Na dereva usihofu," Shemeji alikuwa anamwambia muuzaji. "Chombo kama hiki kinataka dereva wa sare. Nina mtu wangu. Huyu shemeji yangu amechoka na jua, sasa atakaa kivulini mapokezi, akate tiketi."

Hivyo ndivyo alivyopata habari za kazi yake mpya, mbele ya mtu asiyemjua, makubadhi yakiwa bado mkononi.

Shemeji alitia saini yake kubwa yenye mikia. Akamsukumia mdogo wake kalamu. Fundi aliichukua.

"Ijumaa," alisema Mama Usukani.

Wote watatu wakamtazama.

"Kiwanda kinapokea mpaka Ijumaa. Nusu yetu itasaini Ijumaa."

"Mdogo wangu," Shemeji alisema polepole, bila kumtazama mwanamke, "hapa ninazungumza na nani?"

Fundi aliitazama kalamu, akamtazama mkewe, akaiweka mezani. "Ijumaa si mbali, kaka," alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

*

Walipofika njia panda ya nyumbani Mama Usukani alimwambia mumewe, "Tupitie bandani," naye Fundi akakata kona bila kuuliza.

Jua lilikuwa bado juu. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, na nguzo za banda zilisimama nusu ndani ya tope lililopasuka, kama miguu ya mtu aliyepandisha suruali. Boti ya zamani ilikuwa imelala ubavu, wazi, bila injini. Mama Usukani alishuka mpaka kwenye nguzo ya pili, akaweka kidole kwenye mstari wa kahawia uliokuwa juu kidogo ya kifua chake. Chini ya mstari ule mti ulikuwa mweusi na laini. Juu yake ulikuwa mkavu.

"Unajua hii ni nini?"

"Maji ya mwaka jana," Fundi alisema mara moja. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni, ukatoka na futi ya kuvuta. Aliishikiza chini kwenye mstari, akaivuta mpaka kwenye boriti, akasoma. Akasoma tena akiwa amefumba jicho moja. Mita mbili na sentimita kumi.

Futi ilijirudisha yenyewe kwa kishindo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipotaja kofia."

"Na ukakaa kimya?"

"Ulitaka niseme pale? Mbele ya yule kijana na kaka yako? Ungenisamehe mwaka gani?"

Fundi alipiga nguzo teke dogo, kisha akajuta kwa sababu alikuwa na ndala. Alizunguka boti ya zamani. Alirudi. "Tutainua paa."

"Tuinue paa ili spika zipite?"

"Basi tutaifunga nje."

"Upepo wa mvua unaujua. Itagonga gati mpaka itoboke." Alimwonyesha ng'ambo ya maji, mahali ambapo mkono wa ziwa ulikuwa mwembamba na watu walikuwa wamepanda mboga mpaka ukingoni, mistari kwa mistari. "Na wale? Mimi nikivuta mtu natoka mpaka kule kwenye maji mapana. Nikimaliza nasimama, naliacha wimbi lilale, ndiyo narudi polepole. Kila mara. Ndiyo maana hawajawahi kuja hapa na majembe. Ile Kubwa ikijaza matangi, wimbi lake halilali upesi, litawafagilia mboga. Na huyo dereva wa sare, nani atamwambia asubiri?"

"Hilo ungemwambia kaka."

"Kaka yako ataniuliza anazungumza na nani."

Fundi aliketi kwenye ukingo wa boti. Kwa muda mrefu alikuna mafuta yaliyokauka kwenye ukucha wa dole gumba.

"Kule juu," alisema mwishowe, "alipokuambia hapo ni kwa dereva. Nilimsikia."

"Na mimi nilikusikia ulivyonyamaza."

Halikuwa neno la ugomvi. Alilisema kama anavyosema mtu kwamba tairi limeisha upepo. Lakini Fundi aliinama kana kwamba amewekewa mzigo mgongoni, na hakuinua uso mpaka mkewe alipokwisha kupanda ukingo na kuingia garini.

*

Ijumaa walifika saa nane na nusu. Shemeji alifika saa tisa na dakika arobaini, amevaa suti, kwa maana alikuwa amepanga kupigwa picha na boti.

"Haya, mmeshaota ndoto zenu?" alisema. "Kalamu iko wapi?"

"Kaka," Fundi alisema. "Nilipima vibaya."

"Ulipima nini?"

"Banda. Nilipima maji yakiwa yamekauka. Yakijaa, mnara hauingii. Na ukiwa ndani, boti itazama." Alisema hivyo bila kupumzika, akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayekariri. Masikio yake yalikuwa yamewaka moto. "Tunataka ya Kati, mnara wa kukunja. Spika na taa tuziache."

Shemeji alimtazama mdogo wake, akamtazama shemeji yake, kisha akamgeukia muuzaji, na uso wake ukafunguka kwa kicheko.

"Umemsikia? Fundi wa miaka ishirini hajui kuwa maji yanapanda! Mkewe ndiye aliyekwenda kumpimia. Kesho atampimia na suruali."

Muuzaji alitazama karatasi zake. Mama Usukani alikuwa ameshajiandaa kwa kimya cha mumewe, alikuwa amekitandikia na mahali pa kukaa.

"Atanipimia," Fundi alisema. "Zile nilizojipimia mwenyewe zote zinanibana."

Kicheko cha Shemeji kilikatika. Alikuwa amezoea mdogo wake akiinama. Huyu aliyejibu hakuwa na pa kumshikia.

"Sikiliza," alisema, sasa akiwa amesimama pia. "Mimi siweki fedha zangu kwenye kitu cha katikati. Ni Kubwa, na mnara umesimama, na dereva wangu. Au naondoa nusu yangu, nione kama mtanunua hata hiyo trela."

"Shemeji," alisema Mama Usukani.

"Sijazungumza nawe."

"Ndiyo maana nazungumza mimi. Mwaka huu wote sikukuona ziwani hata siku moja. Hujui maji yanakofika, hujui watu wa ng'ambo, hujui mteja yupi ana goti bovu. Unajua kununua. Hiyo ni kazi, sikatai. Lakini mimi sitakata tiketi za boti inayozama, na sitamwachia usukani mtu kwa sababu ana vifungo vya dhahabu kifuani. Fedha yako ni yako. Ichukue kwa amani."

"Mtanitafuta."

"Tukikutafuta tutakukuta dukani, hujifichi."

Shemeji alichukua fomu yenye saini yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa suti. Mlangoni aligeuka. "Mdogo wangu, unakuja?"

Fundi alitikisa kichwa kukataa. Mlango wa kioo ulikuwa wa kujifunga wenyewe, haukumpa Shemeji hata nafasi ya kuubamiza.

*

Ilikuwa saa kumi kasorobo na dakika chache. Muuzaji alianza kukusanya vitabu vyake kwa upole wa mtu anayeondoa vyombo baada ya msiba. Mama Usukani alivuta kiti alichokuwa amekalia Shemeji, akaketi.

"Ndogo," alisema. "Tupu, bila kitu. Bei gani?"

Muuzaji alisita, akamtajia. Mama Usukani hakuandika popote. Aligeuka kwa mumewe, wakatazamana kama watu wanaobeba kabati wanavyotazamana kabla ya kupita mlangoni.

"Fedha inabaki," alisema Fundi.

"Inabaki kidogo," alisema mkewe. "Basi haya. Trela?"

"Mama, trela ni muhimu sana kwa—"

"Tunayo ya zamani, mume wangu ataikata na kuichomelea upya. Hapana. Spika?"

"Hapana," muuzaji alijibu mwenyewe.

"Mnara wa kukunja?"

"Ndiyo?"

"Ndiyo. Wa kukunjwa kwa mkono, siyo wa mota. Mota itaharibika, mikono tunayo. Kipima kina cha maji?"

"Kinalipiwa zaidi."

"Weka. Mvua zikija visiki vinahama. Sasa matangi. La kulia na la kushoto, kila moja linajazwa peke yake, au yanajaa pamoja?"

Muuzaji alifungua kitabu, akakifunga, akafungua kingine. "Nadhani... yanajaa pamoja."

"Usidhani, mwanangu. Kuna anayetanguliza mguu wa kushoto na kuna anayetanguliza wa kulia. Kila mmoja anataka wimbi upande wake. Nikishindwa kulaza boti upande mmoja, nusu ya watu wangu nawavuta bure."

Muuzaji akapiga simu karakana ya kiwanda. Aliuliza, akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja. "Wanasema kila moja peke yake. Wanauliza pia unataka propela ya namna gani." Alikuwa amesimama sasa, bila mwenyewe kujua. "Wanauliza mnabeba watu wangapi, mama?"

"Watano, kamba moja. Wengine wasubiri gatini. Tutakwenda safari nyingi zaidi, basi."

Fundi aliinamia simu, akaitaja propela yenyewe kwa namba, bila kutazama kitabu. Upande wa pili wa simu mtu alicheka kwa furaha ya kumpata mwenzake. Saa ya ukutani ilibakiza dakika sita. Muuzaji aliandika haraka, akigeuza fomu mara kwa mara ili Mama Usukani aone kila mstari, naye alisoma kila mstari, kidole chini ya maneno, na mstari mmoja akaurudisha kwa sababu uliandikwa viti vinane na boti ina saba.

Mahali pa saini palikuwa na neno *Mnunuzi*. Fundi alipewa kalamu. Aliishika kidogo, akaizungusha, akampa mkewe upande wa kushikia. Mkewe alitia saini yake ndogo iliyonyooka, na mumewe akatia yake chini.

"Bado mstari mmoja," alisema muuzaji, akilitazama jina kwenye fomu na kisha mikono ya Mama Usukani. "Boti ikifika, kiwanda kinamtuma mwalimu. Siku moja, bila malipo, kumfundisha dereva. Niandike dereva ni nani?"

"Mke wangu," Fundi alisema, kwa sauti iliyowafikia hata watu wa dawati la pili.

Muuzaji aliandika. "Basi mwalimu atakuja kukufundisha, mama. Kuna lolote la kumwambia mapema?"

Mama Usukani aliinuka, akaitia nakala yake ya fomu kifuani.

"Mwambie aje na nguo za kubadilisha," alisema. "Ubao na kamba atavikuta; mimi nitamvuta."